Diski Ikisema Nzima, Tuiulize Hesabu Zake

Wasomaji wenzangu, katika shule yetu kompyuta ikianza kwenda mwendo wa kobe, au kuganda katikati ya kazi, neno la kwanza linalosemwa ni "virusi." Neno la pili ni "ifomatiwe." Neno la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ndogo na watu wa fedha, ni "haina maisha, tununue nyingine." Mimi ni mwanafunzi wa Senior 6, nachukua somo la kompyuta, na kwa muda wa mihula miwili nimesaidia kuangalia mashine za maktaba na za maabara. Naona yanipasa niseme waziwazi kwamba maneno hayo yote matatu hutamkwa mapema mno. Ndani ya kila diski mna kitabu cha hesabu. Diski yenyewe hukiandika kila saa inapokuwa imewashwa, nasi hatukifungui.

Kitabu hicho huitwa SMART. Si kitu kipya. Kampuni ya IBM ilitoa mfumo wa kwanza wa namna hii mwaka 1992, Compaq ikatoa wake mwaka 1995, kisha watengenezaji wa diski wakakubaliana juu ya mfumo mmoja. Basi ni jambo la zamani kuliko mimi ninayeandika. Kukisoma hakutaki fedha: iko programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo kwa wenye Windows, na wenye Linux wanayo smartctl. Ni dakika tatu tu, na nusu ya muda huo ni kuingoja mashine iamke.

Kwanza tuelewe ni kitu gani kinachohesabiwa. Diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, ina sahani ngumu zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake hupita kichwa cha kusomea kisichogusa sahani, kikiwa karibu nayo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Uso wa sahani umegawanywa katika sehemu ndogondogo ziitwazo sekta. Mimi huzifikiria kama vyumba katika ghala kubwa. Mwenye ghala amejenga vyumba vingi vya kuwekea mali, na nyuma ameacha vyumba kadhaa vya akiba ambavyo mteja havioni. Chumba kikianza kuvuja, mlinzi hufunga mlango wake kwa siku zote, akatumia chumba cha akiba mahali pake, na kuandika kitabuni: kimoja kimehamishwa. Hiyo ndiyo namba 5 katika orodha ya SMART.

Lakini kuna jambo baya zaidi ya hilo. Mlinzi aenda kutoa mali chumbani na mlango haufunguki. Hawezi kukihamisha chumba, kwa sababu mali ya mtu ingali ndani na hajui ni nini. Basi hukiandika katika ukurasa wa vyumba vinavyongoja hukumu. Hiyo ni namba 197. Mtu akileta mali mpya ya kuweka katika chumba kile kile, mlinzi hujaribu tena: kikikubali, hufutwa katika orodha ya kungoja; kikikataa, huhamishwa na namba 5 huongezeka. Na vile vyumba vilivyokataa hata diski ilipojikagua yenyewe wakati haina kazi, huandikwa katika namba 198. Mtu akijua namba hizi tatu, amekwisha kujua sehemu kubwa ya yanayompasa. Katika CrystalDiskInfo huandikwa 05, C5 na C6, kwa kuwa programu hiyo huhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi. Hata hesabu zenyewe huandikwa hivyo, kwa hiyo ukiona C8 ujue ni 200. Waweza kuibadilisha katika menyu ihesabu kama watu wengine.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Kila mstari wa orodha una namba zaidi ya moja. Kuna alama, ambayo aghalabu huanza 100 au 200 na kushuka kadiri diski inavyochakaa. Kuna kizingiti, yaani alama ya chini ambayo mtengenezaji mwenyewe ameichagua. Na mwisho wa mstari kuna hesabu yenyewe, vyumba vingapi hasa. Mashine inapojipima wakati wa kuwaka na kutangaza kwamba diski "imefaulu," haikutazama hesabu yenyewe hata kidogo. Imetazama tu kwamba hakuna alama iliyoshuka mpaka kizingiti. Sisi wanafunzi twaijua sana hali hii. Kama alama ya kufaulu ni 36, aliyepata 37 na aliyepata 99 wote wameandikiwa neno moja. Mzazi mwenye busara haridhiki na neno hilo. Huitisha karatasi ya alama.

Nitatoa mfano wa hapa hapa shuleni. Kompyuta iliyo mezani kwa msimamizi wa maktaba ilikuwa na kazi za walimu wengi: alama za kazi za darasani za Senior 3 na Senior 4 ambazo hupelekwa kwa Baraza la Mitihani, pamoja na maandishi na picha za miradi ya wanafunzi. Muhula uliopita ikaanza kuganda. Akaitwa fundi mmoja wa mjini, ambaye sina haja ya kumtaja. Alisema ni virusi, akaweka Windows upya katika sehemu ya kwanza ya diski, akaiacha sehemu ya pili yenye kazi za walimu kama ilivyokuwa, akapokea shilingi 50,000. Mashine ikaenda vizuri kwa majuma matatu. Ikaganda tena. Akaitwa tena, akasema virusi vimerudi kwa sababu ya flashi za wanafunzi, akafanya vile vile na kupokea kiasi kile kile. Safari ya tatu alishauri diski yote ifomatiwe, na flashi za wanafunzi zipigwe marufuku katika maktaba.

Siku hiyo ndipo tulipoomba kuzisoma hesabu kabla hajaanza. Jaribio la mashine lilikuwa limesema "imefaulu," na fundi alilionyesha kwa kidole. Lakini mstari wa namba 5 ulikuwa na alama 99, kizingiti 36, na hesabu yenyewe 48. Namba 197 ilikuwa na 16. Namba 198 ilikuwa na 16. Namba 9, ambayo ni saa za kuwashwa, ilizidi 31,000. Hebu fikirini: mwaka mzima una saa 8,760, na mashine ya shule ikiwashwa saa nane kwa siku, siku tano za juma, majuma 36, hupata saa 1,440 tu kwa mwaka. Maana yake ni kwamba diski ile ilikuwa imekwisha kufanya kazi miaka mingi katika ofisi za watu kabla haijafika kwetu. Si aibu kununua kitu kilichotumika, nusu ya vitu vya shule hii vimetumika. Bali ni haki ya mnunuzi kujua kimetumika kiasi gani, na namba 9 yasema.

Zaidi ya hayo, hesabu zile zilieleza kwa nini dawa ya fundi ilionekana kuponya. Kuweka Windows upya ni kuandika upya sehemu kubwa ya vyumba vya sehemu ya kwanza. Vile vilivyokuwa vikingoja hukumu vikaandikwa mali mpya, vingine vikakubali, vingine vikahamishwa, na mashine ikaacha kuganda kwa kuwa haikukutana tena na mlango uliokwama. Wakati huo huo ugonjwa uliendelea. Hapakuwa na virusi. Majuma yote yale, sehemu ya pili yenye kazi za walimu ilikuwa ikiharibika kimya kimya, na hakuna aliyechukua nakala, kwa maana kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba mashine imetengenezwa.

Tulipoanza kunakili, faili karibu zote zilitoka. Tatu zilikataa. Moja ilikuwa ya alama za Kemia za Senior 4, wanafunzi 38, na mwalimu wao alilazimika kuzikusanya upya kutoka katika karatasi zake kwa majuma mawili, baada ya saa za darasa. Mbili zilikuwa kazi za miradi ya wanafunzi, nazo hazikuwa na karatasi. Wenye kazi hizo waliifanya upya, kwa haraka, na sidhani kama ya pili ililingana na ya kwanza. Basi mtu asiniambie kwamba hesabu za diski ni mchezo wa wapenda mashine.

Wengine watasema: kumbe dawa ni rahisi, kompyuta ikiganda tubadilishe diski. Hapana, sikusema hivyo. Katika maabara kulikuwa na mashine nyingine iliyoganda kwa namna ile ile kabisa, hata mtu asingeweza kuzitofautisha kwa kutazama kioo. Hesabu zake zilikuwa: namba 5, sifuri, 197, sifuri, 198, sifuri. Ila namba 199, ambayo programu ile huandika C7, ilikuwa imepita elfu mbili. Namba 199 haihesabu vyumba vibovu. Huhesabu mara ambazo habari ziliharibika njiani, kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta, na aghalabu kosa liko katika waya au mahali pake pa kuchomekwa. Tukabadilisha waya kwa ule wa mashine iliyokufa zamani. Gharama ilikuwa sifuri. Hesabu ya 199 haishuki kamwe, kwa hiyo mtu asishangae kuiona ingali pale pale baada ya kutengeneza. La kutazama ni kama yazidi. Mpaka leo haijaongezeka hata moja. Mashine hii nayo ilikuwa katika orodha ya kutupwa.

Niseme pia juu ya umeme, maana kwetu hukatika bila kuaga. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, chumba huweza kubaki na maandishi nusu, yasiyolingana na alama ya uhakiki iliyoambatana nayo. Kesho yake diski ikikisoma hukataa, na namba 197 hupata moja au mbili. Uso wa sahani haukuharibika. Chumba kikiandikwa tena, hesabu hurudi sifuri na namba 5 haiongezeki. Kwa hiyo mtu akiona 197 ikiwa moja baada ya usiku wa mvua na radi, asipige kelele. Lakini akiona nane leo, kumi na sita Ijumaa, na ishirini na nne juma lijalo, hapo ni jambo jingine. Hesabu moja peke yake haisemi mengi. Mwendo wa hesabu ndio husema.

Vile vile asiogope kila namba kubwa. Mvulana mmoja wa Senior 2 alinijia mbio kwamba diski ya kaka yake ina makosa milioni mia na kitu katika namba 1. Diski ilikuwa ya Seagate, na katika diski za Seagate namba hiyo huchanganya makosa pamoja na idadi ya kazi za kusoma zilizofanywa, ndiyo maana huonekana ya kutisha hata ikiwa diski ni mpya kabisa. Nilimwambia atazame 5, 197 na 198, zote zilikuwa sifuri, akaenda zake kula.

Na sasa nijibu hoja iliyo nzito kuliko zote, ambayo mwalimu wetu mmoja alinitolea: je, hesabu zikiwa sifuri, tuna amani? Hatuna. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa habari za diski zaidi ya 100,000 walizokuwa wakizitumia. Waliona kwamba diski ikipata kosa lake la kwanza wakati wa kujikagua uso, huwa na hatari ya kufa ndani ya siku 60 mara 39 kuliko isiyo na kosa hilo. Hiyo ni nguvu kubwa ya kuonya. Lakini waliona pia kwamba katika diski zilizokufa, zaidi ya asilimia 56 hazikuwa na hesabu yoyote katika zile dalili nne zenye nguvu. Zilikufa bila kukohoa. Kampuni nyingine ya Marekani, Backblaze, ambayo hutunza nakala za faili za watu, ilieleza mwaka 2016 kwamba hutazama namba tano, yaani 5, 187, 188, 197 na 198. Katika diski zao zilizokufa, asilimia 76.7 zilikuwa na angalau moja kati ya hizo iliyozidi sifuri. Katika diski zilizokuwa zikifanya kazi, ni asilimia 4.2 tu. Matokeo hayo mawili hayalingani, maana diski si zile zile wala namba zilizotazamwa si zile zile. Hata hivyo yote mawili yakubaliana katika jambo moja: hesabu mbaya ni habari ya kuaminiwa, hesabu nzuri ni habari ya nusu. Kwa hiyo nakala ya kazi haina budi kuwapo hata kama orodha yote ni sifuri tupu. Na wenye diski mpya zisizozunguka, ziitwazo SSD, wasijione wamesalimika. Zao zina hesabu za namna nyingine, hasa kiasi cha maisha kilichokwisha kutumika kwa kuandika, nazo huweza kuzima ghafla kabisa.

Jambo ambalo sikubaliani na mafundi wetu wengi ni utaratibu. Wao hupima kwanza, hutengeneza pili, na nakala hufikiriwa mwisho, kama muda ukiwapo. Diski yenye 197 inayopanda yapasa inakiliwe kwanza, kabla ya kazi nyingine yoyote. Ile amri ya chkdsk yenye herufi r mwishoni, ambayo wengi huiendesha kwa furaha, huilazimisha diski mgonjwa isome kila chumba kutoka mwanzo hadi mwisho, na kujaribu tena na tena katika milango iliyokwama. Mgonjwa amepewa mbio za maili kumi ili apimwe moyo. Hata jaribio refu la SMART, ambalo huchukua saa kadhaa, lingoje nakala zipatikane. Iko programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza vyumba vinavyofunguka kwa urahisi na kuviacha vigumu mpaka mwisho. Hiyo ndiyo akili. Ama wale wanaosema diski itiwe katika friji ya barafu ipate nguvu, nawaomba waziache diski zetu, wakatie samaki.

Najua wako wanaoona kwamba mwanafunzi hapaswi kuingilia mambo haya, kwamba mashine za shule ni za fundi na za ofisi. Nawaheshimu, lakini swali langu ni la kawaida: shilingi 100,000 zilizolipwa mara mbili kwa virusi visivyokuwapo zilitoka wapi? Zilitoka katika karo. Kusoma hesabu hakubadilishi kitu chochote ndani ya diski, ni kama kusoma kipimajoto. Fundi aendelee kuitwa, maana kuna kazi ambazo sisi hatuziwezi. Lakini naomba ofisi iweke sharti moja, kwamba asilipwe mpaka ameonyesha orodha ya SMART ya kabla ya kazi na ya baada ya kazi, na msimamizi wa mashine ametia sahihi. Fundi mwaminifu hatakosa chochote kwa sharti hilo. Naamini wengine hata watalifurahia, maana hulaumiwa bure kwa diski zilizokuja kwao zikiwa zinakufa.

Kwa upande wetu, klabu ya kompyuta imepiga mistari katika daftari la kurasa 96. Kila mashine ina ukurasa wake, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwanafunzi mmoja huandika tarehe, saa za kuwashwa, namba 5, 197, 198 na 199, na jina lake mwenyewe. Safu ya mwisho ni ya tarehe ya nakala iliyochukuliwa mara ya mwisho. Mwezi huu mashine kumi na moja zimeandikwa. Tisa zina sifuri katika 5, 197 na 198. Ile ya ofisi ya michezo ina nane katika namba 5 na haijasogea tangu mwezi uliopita. Ile ya idara ya Jiografia, iliyo karibu na dirisha, ina 197 yenye nne, ambayo mwezi uliopita haikuwapo, na safu yake ya nakala iko tupu. Walimu wa Jiografia wameombwa walete diski ya nje kabla ya Jumatano.